Williamson: Mwanafunzi wa sheria aliyevumbua almasi ya Mwadui

JINA lake limebaki mgodini Mwadui, lakini wachache wanajua kwamba Dk. John Thorburn Williamson alikusudia kuwa mwanasheria. Alizaliwa Quebec, Canada, mwaka 1907, akajiunga na Chuo Kikuu cha McGill kusomea sheria. Safari moja ya likizo nyikani Labrador ilimgeuza. Mwaka 1933 alihitimu shahada ya uzamivu, si ya sheria bali ya jiolojia.

Mwaka 1940, baada ya miaka ya kutafuta kwa fedha za kuungaunga, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Hapo ndipo sheria aliyoikimbia ilipomrudia. Leseni na mikataba vilihitaji mjuzi, naye akamtegemea I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, ambaye alikuja kuwa mbia wake. Likabaki suala gumu zaidi: jiwe linaloweza kufichwa kinywani hulindwaje? Mgodi ulizungushiwa uzio na kuwekewa walinzi, na serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahususi ya kulinda almasi, iliyodhibiti hata watu kuingia katika eneo hilo. Kwa mwenyeji wa Shinyanga, ardhi ya jirani iligeuka mahali pa kuombea kibali.

Mwaka 1947 alimzawadia Malkia mtarajiwa, Elizabeth, almasi ya waridi ya karati 54.5 kwa ajili ya harusi yake.

Williamson hakuoa. Alifariki dunia Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huohuo mgodi uliuzwa, De Beers na serikali ya Tanganyika wakagawana nusu kwa nusu.