Mark Twain, Mtu wa Pima Mbili

Ndugu msomaji, bila shaka unajua pima. Mtu akinyoosha mikono yake yote miwili, kutoka ncha ya kidole cha huku hadi ncha ya kidole cha kule ni pima moja. Mabaharia hupima kina cha maji kwa pima. Huteremsha kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Wa pwani yetu huiita kamba hiyo bildi.

Katika mto Mississippi, nchini Marekani, kazi hiyo ilifanywa vivyo hivyo. Kamba ikionyesha pima mbili, yaani futi 12, mpimaji alipaza sauti ili rubani asikie. Rubani alishusha pumzi, maana alijua kuwa meli haitakwama. Kwa lugha ya mto ule, maneno ya kutangaza pima mbili ni "mark twain". Mtu tunayemsoma hapa alijiita kwa maneno hayo. Jina alilopewa na wazazi wake ni Samuel Langhorne Clemens.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835, katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri. Mwaka huo nyota yenye mkia ilionekana angani. Nyota hiyo hurudi kila baada ya miaka 75 au 76. Ikumbuke, tutaikuta tena.

Samuel alipokuwa na miaka minne, wazazi wake walihamia mji wa Hannibal, kando ya mto Mississippi. Missouri ilikuwa nchi ya utumwa. Baba yake alikuwa na watumwa, na mjomba wake, mwenye shamba karibu na Florida, alikuwa nao pia. Samuel alikwenda shambani huko kila mwaka kukaa kwa mjomba. Usiku watoto walikusanyika jikoni kwa mtumwa mmoja mtu mzima. Wao walimwita Mjomba Daniel. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa Samuel katika kazi ya hadithi, ingawa hakuna aliyemwita mwalimu.

Hadithi moja ya Mjomba Daniel ilihusu mkono wa dhahabu. Mtu mmoja mwenye tamaa alikuwa na mke mwenye mkono wa dhahabu. Mke akafa, akazikwa. Usiku yule mume akafukua kaburi, akauchukua ule mkono, akakimbia nao nyumbani gizani. Upepo ukaanza kuvuma. Ndani ya upepo ikasikika sauti ya marehemu ikiuliza ni nani aliyechukua mkono wake. Sauti ikasogea. Ikafika mlangoni. Ikaingia chumbani. Ikainama juu ya kitanda. Hapo msimulizi hunyamaza. Kisha ghafla humrukia mmoja wa wasikilizaji na kumpigia kelele kwamba mwizi ni yeye!

Wewe umewahi kukaa karibu na moto bibi akisimulia, kwa hiyo unaelewa. Nguvu yote ya hadithi hii imo katika kule kunyamaza. Msimulizi akinyamaza kidogo mno, watu hawajaingiwa na hofu. Akinyamaza kupita kiasi, wameshatambua kinachokuja, na kelele yake haimshtui hata mtoto. Samuel aliisimulia hadithi hii mpaka uzeeni, mbele ya watu wengi. Aliona kwamba kipimo cha kunyamaza hakiwi kilekile kila siku. Hubadilika kufuata watu waliopo.

Baba yake alifariki mwaka 1847, Samuel akiwa na miaka 11. Muda si mrefu aliacha shule, akawekwa katika kiwanda cha chapa kujifunza kazi. Siku hizo kitabu au gazeti lilipangwa kwa mkono. Mpanga herufi alichukua herufi za risasi moja moja na kuziweka katika mstari. Kazi hiyo humlazimisha mtu kusoma polepole sana, na Samuel alisoma kila kilichopita mikononi mwake. Mwaka 1853 aliondoka kwao. Alifanya kazi ya chapa mjini St. Louis, New York na Philadelphia. Mjini New York, jioni baada ya kazi, alikwenda kusoma katika maktaba ya wapiga chapa.

Mwaka 1857 akaingia katika meli za moshi kujifunza urubani. Mwalimu wake aliitwa Horace Bixby, na ada ilikuwa dola 500. Usidhani urubani wa mto ni kazi rahisi. Kutoka St. Louis hadi New Orleans ilikuwa maili 1,200 hivi, na rubani alipaswa kujua kila kona, kila fungu la mchanga na kila gogo, usiku na mchana. Tena mto ule huhama. Penye maji leo, mwakani pana mchanga. Samuel alipata cheti mwaka 1859. Miaka miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani, na safari za mtoni zikasimama.

Akaenda magharibi pamoja na kaka yake Orion. Alitafuta fedha ardhini asiipate. Basi akawa mwandishi wa gazeti katika mji wa Virginia City, jimbo la Nevada. Huko, mwaka 1863, ndipo alipoanza kutumia jina la Mark Twain.

Mapema mwaka 1865 alikuwa katika kambi ya wachimba dhahabu huko California. Mvua ilinyesha siku nyingi, na watu walikaa ndani wakiongea. Mzee mmoja akasimulia habari za chura wa mashindano aliyelishwa risasi za bunduki mpaka akashindwa kuruka. Mzee huyo hakucheka wala hakutabasamu. Alisimulia kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Mark Twain aliona kuwa uso ule mkavu ndio uliofanya hadithi ichekeshe. Akaiandika kwa namna ileile, ya mtu asiye na haraka, anayezunguka huku na huko bila kujua kwamba anachekesha. Ilitolewa katika gazeti la New York mwezi Novemba 1865, ikanakiliwa na magazeti mengi. Mwaka uliofuata alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliolipa kiingilio, mjini San Francisco, akasimulia safari yake ya visiwa vya Hawaii.

Mwaka 1870 alimwoa Olivia Langdon. Walijenga nyumba mjini Hartford, lakini kila kiangazi walikwenda kukaa katika shamba la dada yake Olivia, karibu na mji wa Elmira. Hapo alijengewa chumba cha kuandikia juu ya kilima, mbali na kelele za nyumba. Vitabu vyake vingi vizuri viliandikwa humo. Jioni aliwasomea mke wake na watoto alichoandika mchana. Olivia alikuwa mkosoaji wake wa kwanza. Palipopoozwa na maneno, uso wake ulisema.

Katika shamba hilo alikuwapo mpishi aliyeitwa Mary Ann Cord. Alikuwa mtumwa zamani. Kwa kuwa alikuwa mcheshi, Twain alidhani hajaona taabu kubwa maishani. Jioni moja mama yule akamweleza. Mume wake na watoto wake saba waliuzwa mnadani mbele ya macho yake, kila mmoja akaenda upande wake. Baada ya miaka 13, wakati wa vita, alimwona askari kijana aliyekuwa na makovu anayoyajua. Alikuwa mwanawe wa mwisho.

Twain aliiandika habari hiyo, ikatolewa mwaka 1874. Alibadili jambo moja tu la maana. Mama alikuwa ameanza katikati, akaenda nyuma, kisha mbele. Twain aliipanga kuanzia mwanzo. Hakuongeza huzuni yake mwenyewe, wala hakumweleza msomaji kwamba utumwa ni mbaya. Mimi naona kwamba kurasa hizo chache ni miongoni mwa maandishi yake bora. Zaidi ya nusu ya sifa ni ya mama yule.

Sasa tuje kwenye kuandika kwenyewe. Msimulizi wa mdomo huwaona watu wake. Wakichoka, hukaza mwendo. Wakicheka, hungoja. Mwandishi haoni mtu. Mbele yake pana karatasi tu, na nukta haiwezi kunyamaza kama mdomo unavyonyamaza. Twain alihangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Alipoandika kitabu cha Tom Sawyer alikwama katikati, hadithi ikakataa kwenda. Akaiweka kando muda mrefu. Aliporudi, ikaenda yenyewe. Akafahamu kwamba akili ni kama tangi la maji. Likikauka, huwezi kulilazimisha. Liache lijae, wewe ukifanya kazi nyingine.

Kitabu hicho kilitoka mwaka 1876. Mwaka huohuo akaanza kingine, cha Huckleberry Finn. Huck ni mtoto anayemkimbia baba mlevi na mkatili. Jim ni mtumwa anayekimbia asiuzwe mbali. Wote wawili wanateremka mto Mississippi kwa chelezo. Twain alimwacha Huck asimulie mwenyewe, kwa lugha ya mtoto asiyesoma sana. Kiangazi hicho aliandika karibu kurasa 400 kwa mkono, kisha akakwama. Akakiacha. Miaka mitatu baadaye akakishika tena, akaongeza, akakiacha. Alikimaliza mwaka 1883. Kitabu kimoja, miaka saba!

Ukikisoma utaona jinsi mwendo wake ulivyopimwa. Chelezo likiwa mtoni usiku, hadithi huenda polepole. Huck na Jim wanavua samaki, wanatazama nyota, wanaongea. Wakifika ukingoni hukutana na ulaghai, bunduki na mauaji, na hadithi hukimbia. Kisha wanarudi mtoni, msomaji anapumua. Lakini sura za mwisho, Tom Sawyer anapoingia na michezo yake huku Jim amefungwa, ni ndefu mno. Wasomaji wengi wamelalamika juu ya sura hizo, na wana haki. Hata fundi hupitisha kipimo.

Twain alikuwa amechoka na wachapaji. Aliamini kwamba wanamwibia. Basi mwaka 1884 akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya kutoa vitabu, akamweka mume wa mpwa wake kuwa meneja. Mawakala walitembea nyumba kwa nyumba wakipokea maagizo kabla ya kitabu kuchapwa. Alimwagiza meneja asikitoe mpaka maagizo yafike 40,000. Meneja naye alimshauri aondoe sehemu ndefu ya watu wa chelezo kubwa, maana kitabu kilikuwa kinene. Twain alikubali. Kitabu kilitoka Marekani mwezi Februari 1885, baada ya kutangulia Uingereza.

Kampuni ilianza vizuri sana. Ilitoa kumbukumbu za Ulysses Grant, jemadari aliyepata kuwa Rais, aliyeziandika huku akifa kwa kansa ya koo. Mjane wake alilipwa hundi ya dola 200,000. Lakini Twain alikuwa akimwaga fedha mahali pengine. Alikumbuka taabu ya kupanga herufi kwa mkono, akavutwa na mtu aliyekuwa akiunda mashine ya kufanya kazi hiyo. Mashine ilikuwa na maelfu ya vipande, na kila ilipokaribia kukamilika iliharibika. Kwa miaka zaidi ya kumi aliilisha mashine hiyo fedha zake na za mke wake. Wakati huohuo wengine waliunda mashine rahisi zaidi. Mwezi Aprili 1894 kampuni ya vitabu ilifilisika. Baadaye mwaka huohuo mashine nayo ikashindwa.

Sheria ilimruhusu kulipa sehemu tu ya deni. Olivia alikataa, na Twain alikubaliana naye. Wangelipa yote. Alikuwa na miaka 59, ana jipu baya mguuni, na hakuwa na mali nyingine ila hadithi. Mwezi Julai 1895 akaondoka na Olivia na binti yao Clara kuzunguka dunia. Alisimama mbele ya watu zaidi ya mara 100, katika Amerika ya Kaskazini, Australia, New Zealand, Ceylon, India na Afrika ya Kusini. Hakusoma kitabuni. Alikuwa amegundua kwamba maandishi yakisomwa vilevile mbele ya watu huwa makavu. Kwa hiyo aliyafupisha, akayakariri, akayasema kama mtu anayeongea na jirani. Na aliponyamaza, ukumbi mzima ulinyamaza.

Safari iliisha Julai 1896, wakafika Uingereza. Wakasubiri binti yao mkubwa, Susy, awafuate. Badala yake ikaja habari kwamba anaumwa. Olivia na Clara wakapanda meli kwenda Marekani. Walipokuwa bado baharini, tarehe 18 Agosti, Susy akafa, akiwa na miaka 24. Baba yake alipata habari kwa simu ya maandishi, akiwa peke yake. Aliendelea kuandika kitabu cha ile safari, kwa kuwa deni lilikuwa bado. Kufikia mwaka 1898 kila aliyemdai alikuwa amelipwa.

Miaka ya mwisho aliandika kwa ukali. Mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kumshutumu Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa mateso ya watu wa Kongo, waliokatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya mpira. Olivia alikuwa amefariki mwaka 1904. Binti mwingine, Jean, alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1909. Akabaki Clara.

Ile nyota yenye mkia ilirudi mwaka 1910. Mark Twain alifariki tarehe 21 Aprili mwaka huo, nyumbani kwake Redding, jimbo la Connecticut. Alizikwa Elmira, mji uleule alikokuwa akiandika kiangazi juu ya kilima, pamoja na mke wake na watoto.