Agnes Pockels

Agnes Luise Wilhelmine Pockels (14 Februari 1862 – 21 Novemba 1935) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa uchunguzi wake wa uso wa maji na jinsi mafuta na sabuni zinavyoubadilisha. Kazi hiyo aliifanya nyumbani kwao, bila kusoma chuo kikuu.

Maisha

Alizaliwa Venice, mji uliokuwa chini ya Austria wakati huo, na baba yake alikuwa mwanajeshi wa nchi hiyo. Malaria iliharibu afya ya baba, akalazimika kuacha jeshi, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Huko Agnes alisoma shule ya wasichana na kupenda sana fizikia. Vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwapokea wanawake, na hata milango ilipoanza kufunguliwa wazazi wake walimwomba asiende. Walikuwa wagonjwa, na kuwauguza pamoja na kuendesha nyumba lilikuwa jukumu lake. Hakuolewa.

Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alisoma fizikia huko Göttingen, na ndiye aliyempatia vitabu. Baadhi ya waandishi humweleza Agnes kama mwanamke wa jikoni aliyebahatisha ugunduzi wakati wa kuosha vyombo. Maelezo hayo hayamtendei haki, kwa sababu alijifunza nadharia kwa bidii na kupima kwa uangalifu kwa muda wa miaka kumi.

Uchunguzi

Molekuli za maji huvutana, hivyo uso wa maji hukaza kama ngozi nyembamba. Hali hii huitwa mvutano wa uso. Kuanzia miaka ya 1880 Pockels aliupima kwa chombo alichokibuni mwenyewe: hori la bati lenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 5, lililojazwa maji hadi ukingoni. Juu yake alilaza ukanda wa bati uliogawa uso wa maji sehemu mbili. Kwa kuusogeza ukanda aliweza kupanua au kubana eneo la uso, kisha akapima kwa mizani ndogo nguvu inayohitajika kubandua kisahani kutoka kwenye maji.

Aligundua kwamba uchafu kidogo tu wa mafuta huharibu vipimo, na kwamba ukanda uleule unaweza kufagia uso ukawa safi. Aliona pia kwamba utando wa mafuta ukibanwa, mvutano haubadiliki mpaka eneo lifikie kiwango fulani, kisha hushuka ghafla. Baadaye kiwango hicho kiliitwa nukta ya Pockels.

Hakuwa na njia ya kuchapisha matokeo hayo. Aliposoma kuhusu kazi ya Lord Rayleigh wa Uingereza, alimwandikia barua kwa Kijerumani Januari 1891. Rayleigh angeweza kuyatumia matokeo na kunyamaza. Badala yake mke wake aliitafsiri barua, naye akaiombea nafasi katika jarida la Nature, likaichapisha Machi mwaka huohuo kwa jina la Pockels.

Mmarekani Irving Langmuir aliboresha chombo hicho mwaka 1917, na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka huohuo Pockels, akiwa na umri wa miaka 70, alipewa udaktari wa heshima na chuo cha ufundi cha Braunschweig. Alifariki mjini humo.

Kazi yake na hifadhi ya gesi

Vitu vinavyopunguza mvutano wa uso, kama sabuni, huitwa safaktanti. Siku hizi hutumika pia katika majaribio ya kuhifadhi gesi ya methani ndani ya hidrati, yaani kristali zinazofanana na barafu ambamo molekuli za maji huizingira gesi kama tundu. Mita moja ya ujazo ya hidrati huweza kubeba takribani mita 160 za ujazo za gesi.

Hidrati huanza pale gesi inapokutana na maji. Katika maji matupu yaliyotulia hutokea gamba linalofunika uso na kuzuia gesi isipite. Ikitiwa sodiamu dodesili salfeti kidogo, ambayo imo katika dawa nyingi za meno, kristali huwa na vitundu na hupanda kutani mwa chombo, zikifyonza maji yaliyobaki hadi yakutane na gesi. Hidrati hutengenezwa haraka bila kukoroga. Tatizo ni povu: gesi inapotolewa, sabuni hiyohiyo hufurika pamoja nayo.