Savitribai na Mwenzake Fatima
Marehemu Savitribai Phule alizaliwa Naigaon, India, mwaka 1831, akaozwa akiwa na miaka tisa. Mumewe, Jotirao, ndiye aliyemfundisha kusoma. Mwaka 1848 walifungua shule ya wasichana mjini Pune. Wapinzani wa elimu ya wanawake wakamrushia njiani mawe na mavi ya ng'ombe; naye akawa akichukua sari ya pili, abadili afikapo shuleni. Silaha nyingine hakuwa nayo. Walipofukuzwa nyumbani kwa baba mkwe, walipokewa na Mwislamu, Usman Sheikh. Ndipo akampata Fatima, mwalimu mwenzake. Savitribai alipougua mwaka 1856, Fatima alibeba mzigo wa kazi. Mwaka 1897, tauni ilipoishambulia Pune, Savitribai alimbeba mgongoni mtoto mgonjwa hadi kwenye matibabu. Maradhi yakampata, akafariki Machi 10.