Mchungaji aliyefunza theolojia kando ya wagonjwa

MNAMO Januari 1869, Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh na mkewe, Ida, waliwazika watoto wao wote wanne katika muda wa majuma mawili. Wakati huo alikuwa akihudumu katika usharika wa Dellwig, Ujerumani. Wazazi hao walijaliwa wengine wanne baadaye, lakini msiba huo ndio uliomfanya, kwa maelezo yake mwenyewe, awe mwenye huruma kwa wenzake.

Bodelschwingh alizaliwa mwaka 1831 katika ukoo wa makabaila. Babake, Ernst, aliwahi kuwa waziri wa fedha wa Prussia. Kwanza alijifunza kilimo, kisha akageukia theolojia katika vyuo vikuu vya Basel, Erlangen na Berlin. Kuanzia 1858 aliwahudumia Wajerumani fukara jijini Paris, wengi wao wakiwa wafagiaji wa barabara.

Mwaka 1872 alikabidhiwa makao ya wagonjwa wa kifafa karibu na Bielefeld, yaliyofunguliwa 1867. Makao hayo, yaliyoitwa Bethel, yalipanuka mithili ya mji. Wagonjwa ambao jamii iliwaona kuwa mzigo walipewa kazi mashambani na katika karakana, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Mwaka 1882 alianzisha pia makao ya Wilhelmsdorf, ambako wanaume waliotangatanga bila ajira walipata malazi na kazi badala ya sadaka.

Hata wasomi hawakusazwa. Vijana waliohitimu theolojia walipofika Bethel walivishwa aproni za buluu na kupangiwa zamu za kuwauguza wagonjwa. Akihofia kwamba vyuo vikuu vya serikali vilikuwa vikidhoofisha imani ya wanafunzi, mwaka 1905 alifungua shule ya theolojia papo hapo Bethel, ili masomo ya Biblia yaende sambamba na utumishi.

Ushawishi wake ulifika Afrika Mashariki. Shirika la misheni alilolilea lilianza kazi katika milima ya Usambara, Tanzania ya leo, mwaka 1891, chini ya kivuli cha utawala wa kikoloni wa Wajerumani.

Bodelschwingh aliaga dunia Aprili 2, 1910. Kwa wanaojiandaa leo kuwa wachungaji au maafisa wa ustawi wa jamii, maisha yake yanakumbusha kuwa mhitaji naye ni mwalimu, na kwamba elimu isiyomfikia haijakamilika.