Kichwa cha Msiri na bibi yake Maria

Mutu akikaa Bunkeya siku mbili tu, hatakosa kuambiwa habari ya kichwa. Wazee wanaelezea kama mufalme Msiri alizikwa bila kichwa, na kama kila mutu aliyekibeba kile kichwa alikufa.

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 upande wa Tabora, mu Tanzania ya leo. Jina lake lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa anakuja Katanga kununua shaba. Karibu 1856 mutoto alirudi kwa hesabu yake mwenyewe, na akabaki. Watu wake, Bayeke, walijua kuchanja watu juu ya ndui, na walijua kuvuta shaba mupaka inakuwa waya. Bunduki zilifanya kazi iliyobaki. Bunkeya, yenye leo iko mu jimbo la Lualaba, ikakuwa muji mukubwa wa shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watumwa pia. Hilo haifai kulificha.

Bunduki njo zilimuleta Maria. Baruti ya Msiri ilikuwa inatoka mangaribi, kwa njia ya Bié na Benguela, mu Angola. Maria de Fonseca alikuwa wa jamaa ya wale wafanyabiashara, damu ya Kireno na damu ya Kiafrika. Kumuoa ilikuwa kufungua njia ya baruti. Msiri alikuwa na mabibi wengi, wazungu waliandika hata mia tano, na ndoa nyingi zilikuwa za siasa namna hiyo. Lakini ule Maria njo alikuwa mupendwa wake, hata wageni waliona.

Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja na karatasi ya Waingereza, Msiri akaikatala. Basanga nao walianza kumuasi. Kisha, tarehe 14 Desemba 1891, akafika kapiteni William Stairs, mutu wa Canada, aliyetumwa na mufalme Léopold wa Ubelgiji. Juu ya bendera hawakusikilizana. Usiku Msiri akatoka Bunkeya, akaenda Munema, kijiji cha karibu.

Tarehe 20 Desemba, Stairs akatuma kapiteni Omer Bodson kumukamata. Bodson akaingia na watu kidogo tu. Msiri akashika upanga, Bodson akamupiga risasi, akakufa palepale. Mutu mumoja wa Msiri naye akamupiga Bodson, na siku ileile Bodson akakufa. Watu wa Stairs wakakata kichwa cha mufalme, wakakitundika ku muti ili watu waone.

Toka pale, mambo ikawa mabaya. Njaa, mvua, magonjwa. Watu wengi wa ile safari hawakurudi Zanzibar. Stairs mwenyewe alikufa Chinde, penye muto Zambezi unaingia mu bahari, mu Juni 1892. Daktari atasema malaria, na ni kweli. Lakini hata mumisionere Dan Crawford, aliyeishi kule, alielezea habari ya kichwa mu kopo la petroli, kilichoua wabebaji wake mumoja mumoja. Leo kiko wapi? Wengine wanasema Ubelgiji, wengine wanasema kimezikwa Zambia chini ya mawe. Hakijaonekana.

Maria hakubaki salama. Mukanda Bantu, aliyerithi kiti, alimuua vibaya, kwa neno kama alimuuza bwana yake kwa wazungu. Ni vigumu kuona faida gani angepata: jamaa yake ilikuwa inakula ku biashara ya Msiri, na Msiri akikufa hakuna wa kununua baruti yao. Wazungu walikuwa wanafuata shaba, na habari ya shaba walikuwa nayo zamani. Mutu mwenye alitia alama ku karatasi ya Stairs hakuwa Maria. Ilikuwa Mukanda Bantu mwenyewe.