Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui na Heshima ya Watu

Miongoni mwa wanavyuoni waliotukuzwa na watu wa pwani ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hata mwaka 1837. Babaye, aliyekuwa mwanachuoni mwenye jina, alifariki mwaka 1894. Mtoto akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Basi heshima aliikuta nyumbani. Mtu wa ukoo ule na elimu ile angeweza kukaa barazani akiamkiwa na kubusiwa mkono mpaka kufa kwake, asiseme neno la kumchukiza mtu. Wako walioridhika na hayo.

Yeye alisoma al-Manar, jarida la Misri la Sheikh Rashid Rida, na nafsi yake haikutulia tena. Mwaka 1930 akatoa Sahifa, na mwaka 1932 al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwakemea wale wale waliokuwa wakimwamkia: kwa gharama za matanga na harusi, kwa mambo ya makaburini yasiyo na asili katika dini, kwa kuiga mavazi ya Wazungu na kuacha ujuzi wao. Akataka na watoto wa kike wasomeshwe. Zito zaidi ni kuwa katika aliyoyapinga yalikuwamo yaliyopendwa na masharifu, na Sayyid Ahmad, mwalimu wake, alikuwa sharifu. Hakumvunjia adabu; lakini adabu hiyo hakuifanya dalili ya sheria. Hapo ndipo wengi huteleza, ama wakamtukana aliyewafunza, ama wakanyamaza.

Wako waliomchukia. Hata hivyo mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, wala cheo hakikumtoa katika kusomesha. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja naye kuwa Kadhi Mkuu. Akafuatiwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeishika njia ile ile.

Alifariki mwaka 1947. Makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, nacho twakisoma katika darsa yetu hapa Soy, upande wa Eldoret, mbali na bahari aliyoizoea.