Bi Ida Tarbell, mchakura jaa wa Marekani

Waandishi wanaofukua maovu ya wakubwa, kwa Kiingereza huitwa muckrakers, yaani wachakura jaa. Lilianza kama tusi, na mmoja wa waliobandikwa ni Bi Ida Tarbell.

Alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1857. Babake alitengeneza matangi ya mbao ya kuwekea mafuta, kisha akajitosa mwenyewe kwenye biashara hiyo. Wakati huo gari halijulikani. Mali ilikuwa mafuta ya taa. Mwaka 1872 kampuni za reli zilikula njama na kundi la wasafishaji mafuta, akiwemo John D. Rockefeller. Wadogo wapandishiwe nauli ya mizigo, wakubwa warudishiwe sehemu ya yao, tena wapewe fungu kwa kila pipa la mdogo. Dhuluma gani hiyo! Wachimbaji waligoma, njama ikavunjika, lakini Rockefeller alikuwa keshanunua viwanda zaidi ya 20 mjini Cleveland. Ida alikuwa na miaka 14, akiyaona haya nyumbani kwao.

Kuanzia Novemba 1902 aliichambua kampuni ya Rockefeller, Standard Oil, katika makala 19 kwenye jarida la McClure's. Babake alimsihi asiwaguse watu wale. Yeye alipekua rekodi za mahakama na ripoti za Bunge, akakaa hata na Henry Rogers, mkubwa wa kampuni hiyohiyo, akamsikiliza. Mmbeya hahitaji faili. Bi Ida hakuandika bila faili.

Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt, aliyekasirishwa hasa na makala za wengine kuhusu maseneta, alichukua mfano katika kitabu cha John Bunyan: mtu ashikaye reki, macho chini, akikusanya takataka asione taji lililo juu ya kichwa chake. Jina likawaganda wote. Bi Ida hakulipenda, alijihesabu mwanahistoria. Wengine walilivaa kama kanzu ya Idi.

Mwanamke huyu aliyemkabili tajiri mkubwa wa nchi alipinga wanawake kupiga kura. Binadamu ndivyo tulivyo.

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu iliamuru Standard Oil igawanywe, zikatoka kampuni 34. Hisa zake zikapanda, Rockefeller akazidi kutajirika. Bi Ida alifariki Januari 1944, akiwa na miaka 86.